MTOTO WA SOKO LA TOI ATAFUTIWE MLEZI WA MASOMO

Ndugu Wanachama,

Apitaye Soko la Toi asubuhi, tangu upande wa Barabara ya Ngong hadi kwenye vibanda vinavyopakana na Kibera, hukuta shule isiyo na kengele wala ubao. Fundi amekaa kwenye cherehani, na ubavuni pake yuko kijana anayetazama mikono yake. Kijana huyo ni mwanagenzi. Huanza kwa kufumua nyuzi na kupiga pasi, kisha hushona vifungo, kisha pindo, na siku fundi anaporidhika humpa suruali ya mteja aikate. Kwenye mitumba ni vivyo hivyo. Mwenye kibanda humfundisha mdogo wake kufungua robota, kutenga kamera, yaani nguo bora zinazouzwa kwanza, na kujua ipi ya kushikilia bei na ipi ya kutupa kwenye rundo. Hapana mtu wa Toi aliyejifunza kazi kwa kuachiwa peke yake. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumtangulia.

Sasa mtazameni mtoto wa fundi huyo huyo. Amesoma mpaka Gredi ya 9, au Kidato cha 4, na ameletewa karatasi ya kuchagua. Achague mkondo gani, shule gani, chuo gani, aombe mkopo wapi, na mwisho wa kuomba ni tarehe ngapi? Hapo hana wa kumtangulia. Mzazi ambaye hawezi kumwachia mwanagenzi suruali ya mteja humwachia mtoto maisha yake yote ayakate peke yake. Si kwa kutojali. Mzazi mwenyewe hakupata kupita njia hiyo, naye hawezi kuonyesha asikofika.

Nataka kusema neno juu ya jambo hili, kwa sababu naona ni kazi ya chama cha wafanyakazi kama vile mshahara ulivyo kazi yake.

Sote twajua kwamba watoto wa Kibera na Kawangware ni wachache katika vyuo vikuu wakilinganishwa na wingi wao. Wako wasemao kwamba sababu ni akili, au uvivu, au tabia. Sisi tunaokaa nao hatuwezi kukubali maneno hayo. Mtoto anayemsaidia mama kufunga kibanda jioni, akaenda kuteka maji, kisha akafungua daftari katika chumba kimoja wanamolala watu sita, hawezi kuitwa mvivu. Mtoto aliyeunguliwa na vitabu, soko na nyumba za jirani zikishika moto, kisha akafanya mtihani, hawezi kuitwa mjinga. Soko hili lilibomolewa na kuchomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, likajengwa tena. Limeungua tena mara kadhaa baadaye, na moto wa Juni 2024 ulichukua hata roho za watu. Watoto waliokulia humo wamejifunza uvumilivu kuliko wengi.

Sababu za kweli ni tatu. Ya kwanza ni fedha. Ya pili ni uchache wa shule za serikali zilizo karibu, ndiyo maana watoto wengi wa Kibera husoma katika shule ndogo za watu binafsi na za makanisa. Hizi mbili husemwa kila siku katika mikutano. Ya tatu haisemwi, nayo ni ujuzi wa njia.

Tazameni ng'ambo ya barabara, huko Kilimani. Mtoto wa huko ana baba aliyesoma chuo kikuu, shangazi aliye daktari, na jirani aliye mhandisi. Wakati wa chakula cha jioni husikia habari za vyuo na kazi bila hata kuuliza. Akiwa Kidato cha 2 na akitaka kuacha fizikia, yuko mtu wa kumwambia, "Ukiiacha leo, uhandisi hutausomea kesho." Akikosea fomu, yuko wa kumpigia simu ofisa. Mtoto huyo hajaambiwa kwamba ana mlezi wa masomo, lakini anao watano. Wa kwetu mara nyingi hana hata mmoja.

Na kukosa ujuzi wa njia kuna hasara zake, wala si hasara ndogo. Yuko mwanafunzi aliyepata alama ya kutosha kuingia chuo kikuu, lakini masomo aliyoyachagua tangu Kidato cha 3 hayakubaliani na kazi aitakayo. Yuko aliyepewa nafasi na KUCCPS, idara ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, akakosa mkopo wa HELB kwa kuchelewa kuomba. Utaratibu wa fedha za vyuo ulioanzishwa mwaka 2023 ulimtaka kila mwanafunzi aombe ufadhili na mkopo kwa jina lake, na kueleza hali ya nyumba yao. Kwa mtoto ambaye baba yake ana karatasi ya mshahara, kueleza ni rahisi. Kwa yule ambaye mama yake huuza sukuma wiki na hana karatasi yoyote ya kuonyesha kipato, ni kazi ngumu. Tena yuko aliyechukua akiba yote ya nyumbani akalipa karo katika chuo cha ghorofani mjini, kumbe chuo hicho hakikusajiliwa, na cheti chake hakuna mwajiri anayekipokea. Huyo hakukosa bidii wala fedha. Alikosa mtu wa kumwambia, "Ngoja kwanza, tuulize."

Siku hizi jambo limezidi kuwa zito. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kabla ya kuingia iliwapasa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yaani mtoto wa miaka 14 au 15 anatakiwa kusema atakuwa nani. Mzazi aliyesoma kwa utaratibu wa zamani, au asiyesoma kabisa, anaulizwa jambo ambalo hata walimu wenyewe bado wanalizoea. Mtoto asiye na wa kumshauri huchagua kwa kufuata rafiki yake, au kwa kufuata shule iliyo karibu.

Basi nini mlezi wa masomo? Mashirika humwita kwa jina la Kiingereza, lakini sisi tuna maneno yetu ya kutosha. Pwani msichana huwekewa somo au kungwi wa kumfunda mambo ya utu uzima. Katika ufundi yuko fundi na mwanagenzi. Mlezi wa masomo ni mtu mzima, asiye mzazi wala mwalimu wa mtoto, anayeshikana naye kwa muda mrefu ili amwonyeshe njia. Si mfadhili wa kutoa fedha na kupigwa picha. Si mhubiri wa kuja mara moja shuleni, akasema "mkaze bendi", akaondoka na gari lake.

Kazi zake ni nne. Kwanza, humjulia mtoto hali kwa siku zinazojulikana, hata kama hakuna shida. Pili, humweleza mambo kabla hayajafika, si baada ya kupita: tarehe, masomo, karo, karatasi za kutayarisha. Tatu, humfungulia mlango kwa kumpeleka mahali pa kazi akaone kwa macho, na kumjulisha kwa watu. Nne, husimama naye siku ya kuanguka. Mtihani ukimshinda, au msichana akipata mimba, au kibanda cha mama kikiungua, mlezi ndiye wa kusema, "Njia haijafungwa, tutafute mlango mwingine." Kazi ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, maana wengi huacha masomo wiki ile ile ya msiba kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia wasubiri.

Labda mtu atasema haya ni maneno matupu. Hapana. Yamejaribiwa, tena papa hapa.

Katika Kibera, Binti Pamoja ilianzishwa mwaka 2002, nayo ikawa sehemu ya Carolina for Kibera. Wasichana walipewa mahali salama pa kukutana, wakaongozwa na wenzao waliowatangulia kidogo kwa umri, waliotoka katika vijiji vile vile vya Kibera. Siri ya kazi hiyo ni hapo penye neno "vile vile". Msichana humsikiliza zaidi dada aliyepita kichochoro kile kile kuliko mgeni aliyetoka mbali.

Baadaye, kati ya 2015 na 2017, Population Council na wenzake walifanya mpango mkubwa kwa wasichana wa Kibera wa umri wa miaka 11 hadi 14. Familia nyingine zilisaidiwa fedha kwa sharti la mtoto kubaki shule. Kwa wengine, juu ya fedha hizo, pakaongezwa mikutano ya wasichana iliyoongozwa na walezi wa kike wa mtaani, na kwa wengine tena pakaongezwa mafunzo ya kuweka akiba. Matokeo yalionyesha kwamba msaada wa fedha za masomo uliwasaidia wasichana wa Kibera kuvuka kuingia sekondari. Nalitaja hili makusudi ili tusidanganyane. Mlezi hawi badala ya karo. Mtoto aliyefukuzwa kwa karo hawezi kurudishwa darasani kwa shauri jema peke yake.

Lakini fedha nazo peke yake hazifiki mwisho. Katika Korogocho na Viwandani, mitaa inayofanana na yetu, kituo cha utafiti cha APHRC cha hapa Nairobi kilianza mwaka 2013 kazi ya kuwasaidia wanafunzi baada ya saa za shule. Walisaidiwa kufanya kazi za nyumbani, wakawa na walezi wa kuwafunza mambo ya maisha, na wazazi wa baadhi yao wakafundishwa namna ya kuwaunga mkono watoto. Waliofaulu wakaongezewa kitu cha kuanzia sekondari. Watafiti waliona hesabu za watoto zikipanda. Angalieni hapo: masomo, mlezi, mzazi na fedha vilifungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja. Hata mpango wa Wings to Fly wa Equity, unaowalipia karo watoto wengi wa maskini nchini tangu miaka 15 iliyopita, hautoi karo tu. Huwawekea walezi na kuwakutanisha kila mwaka. Wenye fedha wenyewe wameona kwamba fedha zahitaji mtu.

Kutoka nje pia kuna ushahidi, nao una onyo ndani yake. Mwaka 1995 huko Marekani ilitolewa taarifa juu ya watoto 959 wa miji minane, wenye umri wa miaka 10 hadi 16, walioomba walezi katika chama kiitwacho Big Brothers Big Sisters. Nusu walipewa walezi, nusu wakasubiri. Baada ya miezi 18 wale waliopewa walezi walikuwa wakikosa shule mara chache kuliko wenzao, na walioanza kutumia madawa ya kulevya walikuwa wachache zaidi. Lakini mwaka 2002 hesabu za watoto hao zilipotazamwa tena, ilionekana kwamba faida kubwa iliwaendea wale waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi. Wale walioachwa na mlezi baada ya muda mfupi walishuka moyo, wakajiona hawana thamani. Yaani kuanza kisha kuacha ni vibaya kuliko kutoanza. Neno hili tulishike, kwa maana katika Kibera wamepita wengi walioanza.

Sasa nitawakumbusha jambo la historia yetu wenyewe, ili mtu asidhani kwamba elimu si shughuli ya chama cha wafanyakazi.

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mnyapara. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi. Aliacha shule ya Mang'u kabla ya kumaliza kwa sababu karo haikupatikana. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya Kabete, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na hapo ndipo akaingia mambo ya vyama. Mwaka 1955 alikwenda kusoma kwa mwaka mmoja Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa kwa ajili ya watu wa kazi. Mtu aliyekatwa masomo na umaskini alirudishwa masomoni na umoja wa wafanyakazi.

Hakulisahau jambo hilo. Alipokuwa Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, yeye na wenzake, Dk. Julius Kiano na Bw. Kariuki Njiiri, waliosoma Marekani kabla ya hapo, walitafuta nafasi na fedha, na Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Kufikia 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo. Ndege yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kabla ya ndege palikuwa na watu walioijua njia, wakaonyesha chuo gani kiombwe na barua iandikwe namna gani. Baada ya ndege palikuwa na watu wa kuwapokea wageni na kuwasaidia wakae. Hiyo ndiyo kazi ya mlezi ninayoisema, iliyofanywa na kiongozi wa wafanyakazi.

Mmoja wa waliopita njia hiyo, mwaka 1960, ni Wangari Maathai, ambaye baba yake alikuwa ameajiriwa katika shamba la mlowezi huko Nakuru. Wote twajua kwamba mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini yeye mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mwanzo wa yote ulikuwa swali moja. Kaka yake, Nderitu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akampeleka. Kijana yule hakuwa na fedha wala cheo. Aliuliza tu, kwa sababu alikuwa ametangulia na aliona dada yake ameachwa nyuma. Kazi ya mlezi mara nyingi huanza kwa swali kama lile.

Nakuja kwa maneno ambayo najua yatasemwa katika matawi.

Yuko atakayesema, "Mimi sikusoma, nitamlea nani?" Ndugu, usijidharau. Dereva ajua leseni za magari makubwa hupatikana vipi na nani huajiri. Mpishi wa hoteli ajua chuo kipi wapishi wake wakuu walisomea. Tarishi wa ofisi ajua milango yote ya ofisi ile na tabia za waliomo. Fundi umeme ajua kwamba NITA hutoa mitihani ya ufundi, na kwamba kijana aliyejifunza kwenye kibanda aweza kufanyiwa mtihani akapata cheti. Mama anayefanya kazi za nyumbani Kilimani huona kila siku watoto wa tajiri wake wanavyopangiwa masomo, na jambo hilo ni elimu. Mlezi hatakiwi kujua yote. Atakiwa kujua kidogo kuliko mtoto asivyojua, na asione haya kumwuliza mwingine. Kuuliza si ujinga.

Yuko atakayesema, "Sina nafasi. Natoka saa kumi na moja alfajiri kwa miguu hadi Industrial Area, narudi usiku." Hili ni kweli na silipuuzi. Ndiyo maana nasema saa moja mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumapili, na walezi wawili wawili ili mmoja akipangiwa zamu mwingine awepo.

Yuko atakayesema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Naam, ni kazi ya serikali kuweka walimu wa kutosha, pamoja na mwalimu wa ushauri mwenye nafasi ya kushauri, na chama chetu kiendelee kudai hivyo kwa sauti. Ni kazi ya mwajiri pia kulipa mshahara wa kumwezesha mtu kusomesha. Tusikubali kamwe mtu atuambie kwamba watoto wetu wamepewa walezi, basi mishahara ibaki ilipo. Mlezi mwema na mshahara mbaya haviwezi kumfikisha mtoto mbali. Lakini mtoto wa Gredi ya 9 hawezi kusubiri mpaka madai yetu yote yakubaliwe. Mwaka wake ni huu.

Na yuko mama atakayeuliza kwa hofu, "Nitamwaminije mtu mzima na binti yangu?" Swali hili ni la haki kuliko yote. Wako watu waovu wanaojificha nyuma ya kusaidia watoto. Kwa hiyo mpango usio na kanuni usianzishwe kabisa.

Basi napendekeza kwamba matawi yenye wanachama Kibera, Kawangware na mitaa ya jirani yafanye haya:

1. Kila tawi lifungue daftari. Upande mmoja yaandikwe majina ya watoto wa wanachama walio Gredi ya 8 na ya 9, wale wa Gredi ya 10, na wale wa Kidato cha 4 wa utaratibu wa zamani unaomalizika 2027. Upande wa pili waandikwe wanachama walio tayari kuwa walezi, pamoja na kazi zao.

2. Daftari lisifungiwe wanachama peke yao. Wenye vibanda vya Toi wengi hawana chama cha wafanyakazi, lakini wanazo jumuiya zao na vikundi vyao vya akiba. Kwa akiba hizo waliweza kusimama tena baada ya 2008. Tuwaendee, tukae nao kama ndugu. Watu waliozoea kuandika akiba ya kila siku katika daftari hawatashindwa kuandika majina ya watoto.

3. Mlezi aahidi mwaka mmoja usiopungua. Asiyeweza kuahidi mwaka asianze. Asaidie kazi nyingine, kama kuandaa ukumbi au kutafuta habari za vyuo.

4. Mikutano ifanywe mahali pa wazi, mchana, wakiwapo watu wazima wawili au zaidi. Wasichana walelewe na wanawake. Mlezi asiende na mtoto mahali popote bila mzazi kujua na kukubali. Kabla ya kukubaliwa, mlezi aulizwe habari zake kazini na anapokaa. Atakayekataa kuulizwa hafai.

5. Kila tawi libandike ukutani orodha ya tarehe: kuchagua mikondo, kuomba nafasi za vyuo, kuomba mkopo, kuomba msaada wa karo wa kaunti na wa jimbo la bunge. Orodha hiyo itengenezwe upya kila mwaka, maana tarehe hubadilika.

6. Chama kizungumze na waajiri juu ya uanagenzi. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda inawataka waajiri watoe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Fedha hizo zinatolewa kwa majina yetu. Tuna haki ya kuuliza ni vijana wangapi wa mitaa yetu wamepata nafasi ya kujifunza katika viwanda tunavyovijenga kwa jasho.

7. Mlezi asimchagulie mtoto. Amwonyeshe njia zote, na ile ya chuo cha ufundi isionyeshwe kama njia ya walioshindwa. Sisi mafundi hatuwezi kudharau ufundi mbele ya watoto wetu kisha tutake mwajiri auheshimu.

Hakuna hata moja katika haya saba linalohitaji mfadhili wa kigeni. Linalohitajika ni daftari, kalamu, ukumbi wa Jumapili, na watu wanaotimiza ahadi. Fedha zikipatikana zitasaidia karo, nazo zitafutwe, lakini tusizingoje ndipo tuanze.

Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee. Mkono wa mama wa Toi umeshika mzigo tangu alfajiri. Baba naye yuko zamu. Mkono wa pili ni wetu. Mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama aje na jina moja la mtoto au jina moja la mlezi, na katibu ayaandike kabla ya shughuli nyingine yoyote. Atakayekuja na yote mawili tutamshukuru mara mbili.

Wenu katika kazi.